Lori la jeshi limewaka. Je, litasimama?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua lori la zamani la jeshi la Marekani, M35A2 la mwaka 1970, lile la matairi kumi lenye injini inayokubali mafuta ya aina nyingi. Limekaa shambani kwa muuzaji miaka 9, chini ya turubai. Siku niliyokwenda kuliona alifunga betri mbili mpya, akaliwasha, likanguruma kana kwamba lilizimwa jana yake. Tulilisogeza mbele na nyuma pale uani na breki zikashika. Matairi bado yana meno. Kutoka huko hadi kwangu ni kilomita 430 za lami, na katikati kuna mteremko mmoja mrefu. Rafiki yangu ananiambia nijaze tangi niende taratibu, nitafika tu. Shemeji yangu ana lori lake na yuko tayari kunivuta kwa mnyororo ili nisiichoshe injini. Mwingine ananishauri nikodi trela la kubebea mitambo, lakini gharama yake inafika theluthi ya bei niliyonunulia. Ukweli ni kwamba nataka kuliendesha mwenyewe. Siku hiyo nimeiota tangu nikiwa mtoto. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, na hongera. Umenunua moja ya malori magumu kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa, na ndiyo sababu swali lako limenitia wasiwasi kidogo. Gari gumu lina tabia ya kumwaminisha mwenye nalo kwamba kila kilichomo ndani yake ni kigumu vilevile.

Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Safari hii ya kwanza lipande trela. Kama trela haliwezekani kabisa, njia ya kuliendesha ipo na nitakueleza, ila si ya wikiendi hii wala ijayo. Shemeji yako mshukuru sana, kisha umwambie hapana.

Nimesoma barua yako mara mbili. Umetaja injini kwa furaha, breki kwa maneno mawili, na matairi kwa sentensi moja. Wanunuzi karibu wote wa magari haya huandika hivyo hivyo, na mimi hulisoma lori lao kwa mpangilio uliogeuzwa: matairi, breki, halafu injini. Injini ikikataa njiani utaegesha pembeni na kupiga simu. Breki zikikataa kwenye ule mteremko uliotaja, hutakuwa na nafasi ya kuegesha.

Kwa nini injini iwake baada ya miaka 9 bila shida? Kwa sababu dizeli ya zamani haina mengi ya kuharibika ikiwa imelala. Sehemu zake za ndani zimepakwa oili, moto wake hauhitaji plagi wala umeme, na chuma chake ni kinene. Ikipata betri zenye nguvu za kuzungusha stata na dizeli kidogo inayofika kwenye nozeli, inawaka. Breki ni habari nyingine. Zimejengwa kwa paipu nyembamba za chuma, mipira laini, na silinda ndogo ambazo usalama wake wote unategemea utelezi wa ukuta wa ndani. Chuma chembamba, mpira na unyevu: hivyo vitatu ndivyo miaka 9 ya kukaa shambani huvila kimyakimya.

Breki za M35A2 zinafanya kazi hivi. Unapokanyaga pedali unasukuma masta silinda iliyo chini ya sakafu ya dereva. Mafuta ya breki yanakwenda kwenye kifaa cha kuongeza nguvu kinachotumia upepo wa kompresa, na kifaa hicho kinazidisha msukumo wako mara nyingi. Baada ya hapo mafuta yanagawanyika kwenda kwenye ekseli zote tatu. Shika jambo moja hapo: mzunguko wa mafuta ni mmoja tu. Magari ya leo yana mizunguko miwili, mmoja ukipasuka wa pili unakuokoa. Lako likipasuka paipu moja, au mpira mmoja, au silinda ya gurudumu moja kati ya sita ikaachia, pedali inakwenda hadi sakafuni na magurudumu yote yanabaki bila breki kwa mpigo mmoja.

Utaniambia, "Lakini uani zilishika." Zilishika kwa sababu hukuziomba kitu. Kusimamisha lori linalotambaa unahitaji mguso. Kulisimamisha kwenye mwendo wa kilomita 70 kwa saa, mtoto amekatiza barabara, unakanyaga kwa mguu mzima, na kile kifaa cha upepo kinaongeza juu yake. Shinikizo hilo halijawahi kupita kwenye zile paipu kwa miaka 9. Paipu iliyoliwa na kutu kwa ndani inavumilia mguso wa uani siku zote, na inapasuka siku ya kwanza unapoihitaji kwa dhati. Nimewahi kupewa lori la namna hiyo ambalo mwenyewe aliapa kwamba breki zake ni nzima. Nilijaza upepo, nikaweka magogo kwenye magurudumu, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote nikiwa nimesimama palepale. Mkanyago wa tatu nikasikia mlio kama wa mtu anayeachia pumzi, na dimbwi likaanza kutanda chini ya ekseli ya mbele. Mwenye gari hakusema kitu kwa muda mrefu.

Kuna na suala la mafuta yenyewe ya breki. Jeshi la Marekani lilihamia mafuta ya silikoni, yanayoitwa DOT 5, katika miaka ya 1980, kwa hiyo lori lako linaweza kuwa nayo. Linaweza pia kuwa na DOT 3 au DOT 4 za kawaida, au, na hili ndilo baya, mchanganyiko wa vyote baada ya mtu kuongeza chupa aliyoikuta dukani. Hizi mbili hazipatani. Kujua uliyonayo ni rahisi: chota matone machache, yatie kwenye glasi ya maji. Ya kawaida yanayeyuka ndani ya maji. Silikoni inabaki pekee na kuelea. Usidanganywe na jina DOT 5.1, hiyo si silikoni, ni ndugu wa DOT 4. Na usiongeze chochote kabla ya jaribio hilo.

Watu husifu silikoni kwamba hainywi maji kutoka hewani. Ni kweli. Lakini maji yakiingia kwa njia nyingine hayachanganyiki nayo, na kwa kuwa ni mazito kuliko silikoni yanatafuta mahali pa chini kabisa. Mahali pa chini kabisa ni ndani ya silinda za magurudumu. Yanakaa humo miaka yote hiyo yakichimba vishimo vya kutu, na mpira wa silinda unapopita juu ya vishimo hivyo unachanika. Masta silinda nayo ina mtego wake. Siku zote imetembea sehemu fupi tu ya urefu wake. Mtu akija kutoa hewa iliyonasa kwenye paipu za mafuta ya breki kwa kukanyaga pedali mpaka chini, mpira unasukumwa kwenye eneo lililojaa kutu ambalo haujalifikia kwa miaka, na unakatika. Ndiyo maana utasikia mtu akilalamika kwamba breki zake zilikuwa nzuri mpaka fundi alipozigusa. Fundi hakuziharibu. Zilikuwa zimeshaharibika, yeye alizifikia tu.

Matairi sasa. Unasema bado yana meno. Kwa lori la jeshi meno hayakuambii lolote, kwa sababu malori haya yanazeeka kwa miaka bila kutembea kilomita. Tafuta kwenye ubavu wa kila tairi msimbo unaoanza na herufi DOT (ndiyo, herufi zilezile za mafuta ya breki, jambo tofauti kabisa). Mwishoni mwake kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na usishangae, kwenye malori ya aina hii yapo mengi. Mpira mzee unakuwa mgumu na kupasuka nyufa ndogondogo, hasa kwenye ubavu. Ukiwa umesimama hauna tatizo. Ukitembea mfululizo kwa saa mbili kwenye lami ya jua, tairi linapata joto, tabaka zake zinaachana, na kipande chote cha juu kinang'oka. Likiwa la nyuma utapata kelele na labda turubai lililochanika. Likiwa la mbele, kwenye lori lenye usukani usio na msaada wa haidroliki, utapambana na usukani unaokuvuta mikono. Chunguza pia yale ya ndani kwenye jozi za nyuma, ambayo hakuna anayeyaangalia. La ndani likiwa limelala, la nje linabeba mzigo wa mawili na kuchemka.

Hapa nitabadilisha sauti kidogo, kwa sababu jambo hili linaua watu wanaojua kazi yao. Rimu za lori lako si kipande kimoja. Ubavu mmoja unashikiliwa na ringi ya chuma iliyokatwa, na kinachoizuia isiruke ni jinsi ilivyokaa kwenye mfereji wake pamoja na msukumo wa tairi lenyewe. Mfereji ukiwa na kutu, au ringi ikikaa vibaya, upepo unapoingia ringi inafyatuka kwa nguvu ya tani kadhaa. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinaruhusu kuongeza upepo tairi la rimu za namna hii likiwa bado kwenye gari pale tu ambapo lina zaidi ya asilimia 80 ya kiwango chake, tena kwa bomba refu na bila mtu yeyote kusimama upande ambao ringi ingeruka. Likiwa chini ya hapo linatolewa upepo wote, linafunguliwa, linakaguliwa, na kujazwa ndani ya kizimba cha chuma. Kwa hiyo ukifika shambani ukakuta tairi limelala, usichomeke kompresa ndogo ukachuchumaa pembeni kulisikiliza. Liache, mpigie fundi wa matairi ya malori mwenye kizimba. Kama huyo uliyempata hajui kizimba ni nini, mtafute mwingine.

Jambo dogo la kukuokolea masaa: nati za magurudumu ya kushoto zinafunguka kinyume. Nimeona vijana wawili wakiruka juu ya mpini wa spana kwa nusu saa, wakizidi kuikaza.

Turudi kwenye injini yako, maana nisipoisifu utaona sina shukrani. Ni silinda sita za mstari, lita 7.8, na imani kwamba "inakunywa chochote" inaifuata kila mahali. Ilitengenezwa ili jeshi lisikwame pale dizeli inapokosekana: ingeweza kutumia mafuta ya ndege, na hata petroli kwa dharura. Hiyo ni tofauti na kusema inapenda. Pampu ya nozeli inalainishwa na mafuta yenyewe yanayopita ndani yake, na petroli hailainishi kama dizeli. Wewe mpe dizeli safi tu. Na usimpe ile iliyolala tangini miaka 9. Maji yamejikusanya chini ya tangi hilo, na mahali dizeli inapokutana na maji vijidudu huota na kutengeneza ute mweusi. Uani injini ilikunywa yale ya juu. Barabarani tangi litatikiswa, ute utapanda, filta zitaziba, na utazimikiwa mahali usipopachagua. Tangi limwagwe na kuoshwa, filta zote zibadilishwe, na ubebe nyingine za akiba.

Tatizo moja la injini hizi silipuuzi hata kidogo. Pampu ya nozeli iliyokaa muda mrefu inaweza kunata ndani. Ikinata kwenye hali ya kumwaga mafuta mengi, injini inawaka na kupanda mizunguko bila kukusikiliza, ikizidi na kuzidi mpaka ijivunje. Kuzima swichi hakusaidii, kwa kuwa haiendeshwi kwa umeme. Kuna mpini wa kuvuta wa kuzimia unaokata mafuta, na kabla ya kuwasha tena hakikisha unavutika na kweli unafika kwenye pampu. Juu ya hapo, mtu wa pili asimame karibu na mdomo wa kuvutia hewa akiwa na ubao mpana wa kuuziba. Ubao, si kiganja, wala si shati. Muuzaji aliliwasha bila maandalizi hayo na akabahatika. Bahati hiyo si yako kuirithi.

Halafu mteremko. Injini hii imewekewa kikomo cha mizunguko 2,600 kwa dakika, na watu wanadhani kikomo hicho kinailinda wakati wote. Kinachodhibitiwa ni mafuta. Ukiwa unashuka, magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, na kukata mafuta hakuzuii kitu. Dereva anashuka na gia kubwa, anaona mwendo unapanda, anarudisha gia ndogo kwa hofu, na injini inarushwa juu ya kikomo. Fimbo ya pistoni ikikatika inatoboa ubavu wa bloki na inakuwa mwisho wa habari. Gia ya kushukia huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza.

Sasa shemeji na mnyororo wake. Nia yake ni njema, lakini kuvutwa kunakuachia hatari zote za kuendesha na kukuongezea nyingine. Injini ikiwa imezimwa hakuna upepo mpya, kwa hiyo baada ya mikanyago michache kile kifaa cha kuongeza nguvu kinakufa, na unabaki na mguu wako peke yake dhidi ya karibu tani 6 za lori tupu. Mnyororo unavuta, hausukumi nyuma: shemeji akipunguza mwendo, wewe unamfuata mgongoni. Na giaboksi. Zimo gia ambazo kazi yake ni kurusha mafuta juu ya gia nyingine, na zinazungushwa na injini. Injini ikilala hazizunguki. Mtu akisahau transfa (lile boksi la pili linalogawa nguvu kwenda ekseli za mbele na za nyuma) kwenye gia, magurudumu yanazungusha shafti za giaboksi bila mafuta ya kutosha kwa kilomita 430, na zinaungua. Dawa yake ni kufungua propela, zile shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye ekseli. Ila kwenye lori hili hendibreki haimo kwenye magurudumu, imo kwenye dramu moja nyuma ya transfa na nguvu yake inafika magurudumuni kupitia propela hizo hizo. Ukizifungua, huna hendibreki. Nimeshuhudia mtu akikumbuka jambo hilo wakati lori limeshaanza kujiendea. Kuvutwa kubaki kwa mita mia mbili tatu za kulitoa shambani hadi kwenye trela, transfa ikiwa huru, kwa chuma kigumu badala ya mnyororo, mwendo wa mtu anayetembea.

Kwenye trela, mwambie mwenye trela ukweli kamili: uzito karibu kilo 5,900, urefu karibu mita 6.7, upana karibu mita 2.4, na kwamba breki zake zihesabiwe kuwa hazipo. Akisikia hilo ataleta winchi, na lori litapandishwa kwa kamba bila mtu kulirukisha kwenye njia za kupandia. Vua turubai na yale matao yake kabla ya kupakia. Yanaongeza kimo, na turubai la miaka 9 likipigwa na upepo wa barabarani halifiki mzima. Pima kimo lori likiwa juu ya trela, si likiwa chini, na ulinganishe na madaraja ya njiani. Kufunga: kanuni za Marekani kwa gari linalozidi kilo 4,536 zinataka vifungio visivyopungua vinne, na uwezo wao wa kazi ukijumlishwa usiwe chini ya nusu ya uzito wa gari. Hicho ni kiwango cha chini. Mimi hufunga minyororo minne kwenye ekseli, miwili ikivuta mbele na miwili nyuma, kisha naongeza miwili ya tahadhari kwenye chesisi. Kwenye ekseli, kwa sababu ukifunga chesisi peke yake springi zinacheza na mnyororo unalegea kila tuta. Baada ya kilomita 10 au 15 za kwanza simameni mkaze tena. Daima italegea.

Gharama umeilalamikia, na sikulaumu. Jaribu hivi: tafuta trela linalorudi tupu kutoka upande huo badala ya kulikodi kwenda na kurudi. Kama huna haraka ya siku maalumu, bei inaweza kushuka sana. Na muuzaji, muombe alihifadhi hata mwezi mmoja, uandikiane naye nani anabeba hasara likiibiwa kifaa. Kisha pima upande wa pili wa mizani: ili liendeshwe kwa usalama kutoka huko, matengenezo yote ya breki na matairi yafanyike shambani kwa mtu, mbali na vifaa vyako, ukienda na kurudi. Vipuri vile vile ungevinunua hata likiwa nyumbani, hivyo trela halikuongezei gharama hizo. Linakupa nafasi ya kufanya kazi bila kukimbizana.

Lakini labda trela halifiki huko, au umeng'ang'ania ndoto yako. Sitakuzuia. Basi lifanyike hivi. Silinda zote sita za magurudumu zifunguliwe, zibadilishwe au zitiwe mipira mipya kama kuta zake ni safi. Masta silinda mpya. Mipira yote inayopeleka mafuta ya breki, mipya. Paipu za chuma zenye mabaka ya kutu, mpya. Mafuta ya zamani yote yatoke. Vumbi lililomo kwenye dramu lisipulizwe na kompresa, kwani lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Dramu zikiwa nje, beringi zioshwe na kutiwa grisi mpya. Toa maji kwenye matangi ya upepo. Badilisha oili ya injini, giaboksi, transfa na difu zote tatu. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yaliingia, na uliza yaliingilia wapi. Matairi yaliyozeeka yaondoke, na yale mawili ya mbele sikubaliani na mjadala wowote.

Ndipo lije jaribio nililokusimulia: matangi ya upepo yamejaa, magogo kwenye magurudumu, injini inanguruma. Kanyaga kwa nguvu zote, shikilia dakika nzima, achia, rudia mara kumi. Mtu wa pili apite na tochi kila gurudumu na kila kiungo. Pedali ikizama hata kidogo, hakuna safari. Ikisimama imara, zunguka karibu na hapo kilomita 5, halafu 20, halafu 50, siku tofauti ikiwezekana. Kila ukisimama weka mgongo wa mkono karibu na kila kitovu cha gurudumu. Yote yatakuwa na joto. Unatafuta lile moja lenye joto tofauti na wenzake: ama breki yake haiachii, ama beringi inakufa.

Siku ya safari toka asubuhi, gari dogo likufuate nyuma na taa za tahadhari. Usiondoke kabla king'ora kinachoonya kwamba upepo wa breki ni mdogo hakijanyamaza na geji kupanda na kutulia. Kitabu kinakubali karibu kilomita 90 kwa saa. Wewe baki kwenye 65 au 70. Simama baada ya kilomita 10, tena baada ya 30, kisha kila saa. Beba magogo mawili, kizimamoto, maji, filta, tairi la akiba, na spana inayofaa zile nati. Betri mbili za lori lako zimeunganishwa kufanya volti 24, kwa hiyo zikifa njiani gari dogo la volti 12 haliwezi kulishtua. Litaweza tu kuchaji betri moja moja, nawe ukisubiri. Kilomita 430 zigawe siku mbili.

Karatasi nazo ziwe tayari kabla gurudumu halijagusa lami: namba ya chesisi ilingane na hati, bima iwe hai, na leseni yako iruhusu uzito huo, maana katika nchi nyingi za Ulaya leseni ya gari dogo inaishia tani 3.5. Uliza pia kama raia anaruhusiwa kuendesha gari lenye rangi na alama za jeshi unakoishi.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyaona. Fundi wa breki za malori, anayeujua mfumo huu wa mafuta na upepo kwa pamoja, alione lori kwa macho yake kabla halijaendeshwa umbali wowote, na mfumo huu ni nadra kiasi kwamba fundi mzuri wa magari madogo hatoshi. Matairi na rimu ni za mwenye kizimba. Na kama ukikuta ubavu wa ndani wa gurudumu lolote umelowa, au mafuta ya breki yamepungua bila kuona yalikokwenda, usilisogeze tena hata pale uani.

Wiki hii fanya moja tu: rudi kwa muuzaji na tochi, lala chini, piga picha ya upande wa ndani wa kila gurudumu na msimbo wa kila tairi, na lile glasi la maji usilisahau. Nitumie picha hizo, nasi tutajua kama tunazungumzia matengenezo ya wiki mbili au ya miezi mitatu.